Gonga Mara Mbili

Watu wa Lufingo wakikwambia kwamba Mwalimu Andongwisye alikuwa akifundisha kuku Kiingereza, usicheke kwanza. Ni kweli. Kila alasiri mvua ikikatika alitoa kigoda chake, akakaa ameegemea ukuta wa jiko la mwanawe, uso ameuelekeza migombani. Mbele ya miguu yake alipita kuku mmoja mweusi, shingo kipara, mchokozi asiyeogopa mtu. Mwalimu anakohoa, kisha anaanza kwa sauti ile ile ya darasani: "Kuku, leo tunasoma vitenzi." Na kuku, kwa heshima zake zote, anaparua udongo, anaondoka zake.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa Atupele, mke wa Anyitike, mkamwana wa Mwalimu. Alikaa jikoni daftari likiwa magotini na sufuria ya maharage ikitokota motoni.

Utauliza, kwa nini wasikae ana kwa ana kama watu wengine? Hapo ndipo penye mambo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Wenyewe wanaita ukutila, kuogopa na kuheshimu kwa pamoja. Mke akimwona baba mkwe njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Hawasemezani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na kupiga picha wameshikana mabega. Mchungaji alishamtania Mwalimu, "Mila hii utazikwa nayo?" Mwalimu akamjibu, "Walioacha wameacha wao."

Msomi wa watu! Alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, lakini kwa mila alikuwa mbishi kuliko bibi zake. Naye Atupele alilelewa na bibi kule Isongole, bibi wa namna hiyo hiyo, na kwake kumtazama baba mkwe usoni kulikuwa sawa na kuvua nguo sokoni. Basi walikutana wawili wa aina moja. Miaka minne tangu aolewe, Mwalimu hakuwa ameiona sura ya mkamwana wake. Kanisani alifunikwa shela. Baada ya hapo alichokijua ni ncha ya kitenge ikipotelea migombani, miguu inayokwenda haraka, na sauti ya kuimba asubuhi akichochea moto. Picha ya harusi ilitundikwa sebuleni kwa Anyitike, ambako Mwalimu hakanyagi.

Masomo yalianza kwa bahati tu. Atupele aliacha shule kidato cha tatu kwa ajili ya kumuuguza bibi yake, na alitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne ili akasomee unesi. Kiingereza kilikuwa kimemkalia kooni. Siku moja akawa anasoma kwa sauti jikoni, anayavunja maneno vibaya vibaya, na Mwalimu aliyekuwa anapalilia maharage karibu na ukuta akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akamgeukia kuku. "Kuku," akasema, "hilo neno halisemwi hivyo." Kisha neno likasomwa upya, na safari hii likatoka vizuri.

Tangu hapo wakawa hivyo. Hawakusemezana, wote wawili walisema na kuku. Na kwa kuwa haifai mkamwana kumjibu baba mkwe, Atupele alitumia upawa na mfuniko wa sufuria. Akielewa, anagonga mara moja. Asipoelewa, mara mbili, maana yake rudia. Mwalimu aliyazoea yale mapigo mpaka akawa anayasubiri, maana tangu mkewe Winfrida afariki hakukuwa na mtu aliyemwomba arudie chochote.

Basi Jumatatu moja akakohoa, akasema, "Kuku, leo neno ni moja tu. Dogo, herufi tatu, lakini lina tumbo kubwa. Hit."

Akalifungua. Ukimpiga mtu, hit. Lori likimgonga mbuzi, hit. Mvua ya mawe ikiishukia chai shambani ikaichanachana, hit. Ukilenga ndege kwa manati ukampata, hit. Wimbo ukivuma mpaka vijana wa bodaboda wote wanauimba, nao ni hit. Wazungu wakianza safari, wanasema wanaipiga barabara. "Na jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yako siku zote," akamalizia, "siku ukilielewa ghafla, wanasema limekupiga."

Upawa ukagonga mara mbili. Akarudia. Ukagonga mara mbili tena.

"Hilo utalielewa siku likikufika, kuku. Na usiwaone Wazungu watu wa ajabu. Sisi nasi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga soga mchana kutwa, na hakuna anayelia."

Jikoni mtu akacheka. Kicheko kifupi, kimekatwa haraka kwa mkono. Mwalimu hakuwahi kukisikia, akafurahi mno, akajikuta anatabasamu peke yake kwenye migomba.

"Haya, kuku. Nipe mifano."

Atupele akamwambia kuku, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba lori lilimgonga mbuzi. Akamwambia mvua ya mawe iliipiga chai. Maharage yalisikika yakitokota. Halafu ile sauti ikasema, polepole vile vile, neno baada ya neno: "My husband hit me on Saturday."

Mume wangu alinipiga Jumamosi.

Jumamosi Mwalimu alikuwa msibani, kijiji cha pili. Akafungua mdomo. Amwambie nani? Hakuwa na ruhusa ya kumwambia pole, wala ya kugeuza shingo kuangalia kama ana jeraha. Mbele yake kulikuwa na kuku, na nyuma yake ukuta. Neno lililokuja ni lile alilolizoea maisha yake yote.

"Sahihi," alisema. "Sentensi ni sahihi."

Jamani! Sahihi! Upawa ukagonga mara moja, na siku hiyo somo likaishia hapo.

Jioni alimwita mwanawe barazani. Anyitike alikuwa dereva wa bodaboda pale Tukuyu mjini, kijana mcheshi, abiria wanampenda, akimbeba bibi hamtozi nauli ya kizigo chake. Ndiyo maana hata ungesema, watu wasingekuamini. Alikaa kwenye ngazi, helmeti mkononi, akamsikiliza baba yake mpaka mwisho bila kumkatiza, maana adabu alikuwa nayo.

"Baba," akasema, "kule stendi wananicheka. Wanasema mke wako anasoma na kuku, akifaulu atakuacha na pikipiki yako. Nafika nyumbani chakula hakijaiva, mtu yuko na daftari. Nikimwonya hasikii."

"Ndiyo umpige?"

"Wewe si ulikuwa unapiga? Nilikuwa darasani kwako. Ulikuwa unatupiga fimbo, halafu unatufanya tuseme asante mwalimu. Mimi mwenyewe nilisema asante mara nyingi tu." Hakuongea kwa dharau. Aliongea kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida, na hilo lilimchoma Mwalimu kuliko matusi. "Halafu baba, huyu mke wangu, wewe hata sura yake huijui. Utamteteaje mtu usiyemjua sura?"

Akainuka, akamtakia baba yake usiku mwema kwa Kinyakyusa, "Ugone, tata," akaenda zake kulala.

Mwalimu hakukaa kimya, tumtendee haki. Asubuhi alikwenda kwa mzee wa kanisa, Amoni, jirani yake wa miaka. Amoni alimpa chai na mihogo, akatikisa kichwa, akasema mambo ya ndani ni ya ndani, ataomba. Kisha, akisindikiza, akaongeza, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ndugu Mwalimu," na ingawa alisema kwa upole, Mwalimu aliona aibu njia nzima.

Akashuka Tukuyu mpaka ofisi ya ustawi wa jamii. Binti aliyemkuta pale alikuwa mkarimu, alimsikiliza vizuri sana. "Babu, tutamsaidia," akasema. "Aje mwenyewe atueleze. Au wewe umlete, hata kesho."

"Siwezi kutembea naye."

"Miguu inakusumbua?"

"Miguu ni mizima, mwanangu. Ni mkamwana wangu."

Binti alikuwa mgeni wa huku, ametoka Singida. Alimtazama akisubiri maelezo yaendelee. Mwalimu, aliyewaeleza watoto wa watu sarufi ya Kiingereza miaka yote ile, hakuweza kumweleza binti mmoja kwa nini hawezi kupanda gari moja na mke wa mwanawe. Akasema asante, akavaa kofia yake.

Aliyempa akili ni Bi Kuruthumu, mwenye duka pale njia panda, mwanamke Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo Lufingo na anayejua siri za kila nyumba, maana wote wananunua chumvi kwake.

"Mwalimu, nyie na mila zenu mtatuua na presha," alimwambia. "Huendi kwake, haji kwako. Basi aje kwangu! Mimi si mkwe wa mtu hapa. Mwambie yule binti, mumewe akianza vituko, asimame wapi? Asisimame! Atoke mbio, apite hapo kwako, aje dukani. Akifika ndani ya kaunta yangu namtaka huyo mwanamume atakayeingia. Na wewe kaa kwenye kigoda chako, uangalie migomba yako, umpishe apite. Hilo tu. Unaliweza?"

"Naliweza."

"Kumbe unaweza kitu."

Alasiri ile Mwalimu akakaa, akakohoa. "Kuku," alisema. "Kuku, ukikimbizwa, usikimbilie migombani. Kigoda nitakisogeza mbele, mbali na ukuta; pita hapa nyuma yangu, shika njia, nenda moja kwa moja dukani kwa Bi Kuruthumu. Mimi sitageuka. Nitakuwa natazama huku. Njia ni yako."

Alisubiri. Upawa ukagonga mara moja, kwa nguvu. Mwalimu akahisi amefanya jambo la kiume.

Na kwa kweli mpango ulifanya kazi. Mara ya kwanza alisikia kelele ndani, kisha mlango, kisha miguu ikipita mbio nyuma ya mgongo wake na upepo wa kitenge ukampiga shingoni. Hakugeuka. Alikazana kutazama mgomba mmoja mpaka machozi yakamtoka. Atupele alishinda dukani, na jioni Bi Kuruthumu akamrudisha mwenyewe, akamsema Anyitike mbele ya wanawake waliokuja kununua sukari, mpaka kijana akaomba radhi. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Katikati masomo yakaendelea. Atupele alikuwa anashika kweli kweli. Mapigo mawili yalizidi kupungua na pigo moja likawa ndilo la kila siku, na Mwalimu akaanza kumwambia kuku, "Mwaka huu utafaulu, we mnyama." Alikuwa anaongea habari za kumwita kaka yake Hosea na wazee wengine, zawadi itolewe, mwiko uondolewe kama inavyofanyika kwao, yeye na mkamwana waonane. Tutafanya mvua zikipungua, alisema. Nawe unazijua mvua za Tukuyu, hazipungui.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu, yale yasiyolowesha mpaka ushtuke umelowa. Mwalimu alikuwa amekaa tayari kwenye kigoda, kofia kichwani, ameandaa somo. Upande wa jikoni kulikuwa kimya, moto haujawashwa. Pikipiki ya Anyitike ilikuwa uani, imeegeshwa ovyo.

Kisha akasikia ndani ya nyumba. Kwanza sauti ya Anyitike, "Nichekwe mpaka lini? Nichekwe mpaka lini?" Kisha karatasi zikichanwa. Kisha kitu kizito kikagonga ukuta, na hakikuwa sufuria wala kiti, na mtu akatoa mlio ambao Mwalimu hakuwa ameusikia kutoka kwa binadamu tangu siku Winfrida alipokuwa anakata roho.

Kazi yake aliijua. Akae. Atazame migomba. Ampishe.

Lakini damu ni damu. Hasira ilimpanda mzee wa watu mpaka akasahau umri, mpango, na kila kitu. Aliinuka, kigoda kikaanguka. Alichukua fimbo yake ya kutembelea, akakatiza uani, akapanda zile ngazi mbili za nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga, akasimama mbele ya mlango, fimbo juu. "Anyitike!" alinguruma. "Toka nje! Leo utanipiga mimi!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Aliyetoka si Anyitike.

Atupele alikuja mbio ameinamisha kichwa, kitenge kimefunguka kimemfunika nusu, mkono umeshika taya. Alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti kwa mguu mmoja. Hapo akaviona viatu. Viatu vyeusi vya ualimu, vilivyopigwa rangi, alivyoviona chini ya ukuta wa jiko kwenye ufa wa matofali kila alasiri. Alijua ni vya nani. Hakuinua uso. Akasimama ghafla, akayumba.

Nafasi ilikuwapo. Kati ya Mwalimu na fremu ya mlango mtu mwembamba angepita. Nyuma yake uani, nyuma ya ua njia, na juu kidogo ya njia duka. Mwalimu alitaka kusema, "Pita, mwanangu." Maneno mawili matatu tu. Lakini miaka minne hakuwa amemsemesha, na ulimi haukujua pa kuanzia. Alitaka kugeuka, ampe mgongo. Miguu ikachelewa.

Atupele akarudi ndani.

Ndivyo alivyofunzwa na bibi yake: ukikutana na baba mkwe njiani, wewe ndiye unayerudi. Alirudi kinyumenyume, ameficha uso kwa kitenge, akarudi kwenye chumba kile kile, na Anyitike akaubamiza mlango kwa ndani, akatia komeo.

Hapo sasa ndipo Mwalimu alipogeuka. Alishuka mbio mpaka katikati ya ua, akaelekeza uso migombani, akapiga kelele, "Kuku! Pita, kuku! Kimbia, sitazami! Sitazami, jamani!" Nani wa kupita? Akarudi mlangoni, akaupiga kwa fimbo, akaupiga mpaka fimbo ikavunjika, akaupiga kwa ngumi. Mlango ulikuwa wa mninga, aliuchongesha yeye mwenyewe kwa fundi kama zawadi ya harusi. Haukutikisika.

Watu walikuja, Bi Kuruthumu mbele, kanga kiunoni. Vijana walipovunja dirisha Anyitike akafungua mwenyewe. Alitoka, akamtazama baba yake aliyekuwa anatoka damu mikononi kwa kuupiga mlango, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Alikuwa ameshatoka, baba," alisema kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilijua ameshakwenda. Mbona alirudi?" Kisha akaruka juu ya pikipiki akaondoka, na simu yake haikupatikana tena siku hiyo wala zilizofuata.

Wanawake wakamtoa Atupele wamembeba kwenye blanketi. Walipofika uani mmoja wao akasema taratibu, kwa mazoea tu, "Mwalimu, geuka." Na Mwalimu akageuka. Alisimama ameelekea migomba mpaka gari lilipoondoka, na kuku yule mweusi alikuwa amepanda juu ya kigoda kilichoanguka.

Taya lilivunjika mahali pawili. Bi Kuruthumu alipiga simu kutoka hospitali kule Makandana kusema amefungwa nyaya mdomoni, hawezi kusema, anakula uji mwepesi kwa kijiko kidogo. Kuhusu mtihani, Mwalimu hakuuliza. Mwaka huo ulikuwa umekwisha kwenda.

Hakulala vizuri siku zile. Hosea kaka yake alimfariji, akamwambia, "Hukumpiga wewe." Watu wote walimwambia hivyo, kila mmoja kwa maneno yake, na kila aliposikia aliona kizingiti na mguu mmoja uliokwisha kuvuka. Asingeinuka, angekuwa dukani. Angebaki mzee mjinga anayeongea na kuku, na Atupele angekuwa anakunywa chai ndani ya kaunta ya Bi Kuruthumu. Hilo lilimpiga, na halikuacha kumpiga.

Akaamua. Mwiko na uvunjike, yeye atalipa kwa wazee chochote watakachotaka. Aliazima chupa ya chai, akatia uji wa ulezi, akavaa koti la kanisani, akapanda gari kwenda Makandana. Alitaka kumtazama usoni na kumwambia kwa mdomo wake, nisamehe. Njiani aliyafanyia mazoezi maneno hayo mpaka jirani yake kwenye kiti akamwuliza kama anaumwa.

Kengele ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha kupigwa, watu wanaingia na vikapu. Bi Kuruthumu alikuwa ameenda kufua nguo za mgonjwa. Mwalimu alivua kofia, akaingia wodi ya wanawake. Vitanda vilikuwa vimepangwa kushoto na kulia, na kwenye kila kitanda mwanamke.

Akasimama katikati. Aliyakodoa macho. Huyu mnene, yule mwembamba, huyu mzee, yule msichana. Wawili walikuwa na bandeji usoni. Ghafla alitambua kwamba hajui ni yupi. Kijana wake alikwisha kumwambia na yeye hakusikia.

Akamwendea mmoja mwenye bandeji, akapiga goti moja kando ya kitanda, chupa ya uji mkononi. "Mwanangu," akaanza, "mwanangu, nisamehe."

Yule mwanamke akamtazama kwa jicho moja, kwa huruma. "Baba," akasema, "umepotea. Mimi nimeanguka na bodaboda."

Mwalimu akainuka kwa shida. Akageuka kuangalia upande wa pili, na pale, kitanda cha pembeni, mwanamke mmoja alikuwa amemwona. Kabla hajamfikia kwa macho, mkono wenye plasta uliinuka, ukashika ncha ya kitenge, ukakivuta polepole mpaka kikafunika uso wote. Na katika wodi ile nzima, wanawake wote wakimtazama, ni mmoja tu aliyejifunika.

Ndipo akamjua.

Angeweza kwenda kukifunua. Alikuwa amevaa koti la kanisani kwa ajili hiyo. Lakini kile kitenge kilikuwa kinatetemeka, na Mwalimu aliona kwamba akikigusa atakuwa mwanamume wa pili wa nyumba ile kumlazimisha. Akasogea mpaka miguuni pa kitanda, akageuka, akampa mgongo, akakaa kwenye sakafu ya saruji na koti lake zuri. Mbele yake kulikuwa na ukuta mweupe na ndoo ya maji.

"Kuku," alisema.

Wagonjwa wakatazamana. Nesi aliyekuwa anapita akasimama.

"Kuku, mimi nilikuja mlangoni kumpiga yeye. Nilisahau kwamba mlango ni wako. Sikutaka kukuzuia. Nisamehe, kuku."

Kisha nyuma yake kijiko kikagonga chuma cha kitanda. Mara moja. Mwalimu akafumba macho. Kisha kikagonga tena.

Mara mbili. Rudia.

Akarudia, polepole, kama anavyowarudia wasioelewa. Nilikuja mlangoni. Sikutaka kukuzuia. Nisamehe. Kijiko kikagonga mara mbili. Hakujua kama haelewi, au anaelewa na anataka kuyasikia tena, au ni kwamba maneno yenyewe hayatoshi. Hakuwa na namna ya kujua, maana hakuweza kugeuka akamwangalia. Akarudia kwa Kinyakyusa. Mara mbili. Akarudia kwa Kiingereza, maneno yakaja ovyo, sarufi mbaya, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Mara mbili.

Uji ulikuwa unapoa kwenye chupa. Wageni walianza kufunga vikapu vyao, nje kengele ya kuwatoa ikapigwa, na mzee alikuwa bado amekaa sakafuni, ameutazama ukuta, anarudia.